Matabishi si mshahara

Saa moja ya jioni, ndani ya mgahawa wa mji wowote wa mashariki, iwe Bunia, Beni, Butembo ao Uvira, mambo huwa yale yale. Msichana anapita kati ya meza akibeba sahani ya fufu na samaki mkono mmoja, chupa mbili za bia mkono wa pili. Amesimama tangu saa mbili ya asubuhi. Mteja anamaliza kula, analipa, anaacha noti mbili za franka elfu moja mezani na kusema: «Hizi ni zako, dada.» Kabla msichana hajafika jikoni, anayekaa kwenye sanduku la pesa anamuita: «Lete kwanza hapa.» Noti zinaingia ndani ya kikopo. Mwisho wa juma kikopo kinafunguliwa, na patroni ndiye anagawa. Mara anakata kitu kwa ajili ya glasi iliyovunjika. Mara anakata bila kusema sababu.

Mwezi ukiisha, msichana akiuliza mshahara wake, anajibiwa kwa swali: «Si unapata matabishi kila siku?»

Swali hilo linasikika mara nyingi kiasi kwamba hata watumikaji wenyewe wameanza kuliona kuwa jibu. Lakini halijibu kitu. Matabishi yanatoka mfukoni mwa mteja. Mshahara unatoka mfukoni mwa patroni. Patroni anayesema kwamba mteja amekwisha kulipa mhudumu, anasema kwa maneno mengine kwamba deni lake yeye limelipwa na mtu mwingine, bila mtu huyo kuulizwa. Mteja aliyeacha franka elfu mbili hakukusudia kumsaidia patroni. Alikusudia kumshukuru dada aliyemhudumia vizuri.

Neno lenyewe linafundisha. Matabishi lilitoka kwa Kireno, mata-bicho, maana yake kuua mdudu: kile kinywaji ao chakula kidogo cha asubuhi cha kutuliza tumbo. Wakati wa ukoloni, neno likasambaa Kongo yote na kupata maana ya kitu kidogo ambacho bwana anampa mtumishi wake akipenda. Hapo kwenye «akipenda» ndipo ukweli ulipo. Zawadi haidaiwi, anayeitoa anaweza kuacha kesho bila kuvunja sheria yoyote. Mshahara unadaiwa, hata kama patroni hana furaha siku hiyo, hata kama wateja walikuwa wachache.

Mteja akiondoka

Ubaya wa kuishi kwa matabishi peke yake ulionekana wazi Goma. Mwisho wa Januari 2025, mji ulipoanguka mikononi mwa M23, uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafunga milango, na wafanyakazi wengi wa mashirika ya kigeni wakahama. Migahawa ya mji ule, hasa ile ya karibu na ziwa, ilikuwa imezoea wateja wenye dola. Kwa mhudumu aliyekuwa na mshahara ulioandikwa, hata mdogo, kulikuwa angalau na kitu cha kudai. Kwa yule ambaye maisha yake yote yalitegemea kikopo, siku mteja alipopanda gari kuondoka, mshahara wake uliondoka ndani ya gari lile lile.

Jambo hilo linagusa zaidi familia zilizohama kwa sababu ya vita. Msichana aliyekimbia Masisi ao Djugu, anayelala kwa familia iliyompokea ao chini ya hema, hana muda wa kuchagua kazi. Akiambiwa «njoo utumike, chakula cha mchana kipo, na matabishi utapata», anakubali. Hana kontra. Hajui mshahara wa chini wa sheria ni kiasi gani. Anaogopa pia kwamba akiuliza sana, nafasi yake itapewa mwingine anayengoja mlangoni. Patroni anajua hofu hiyo, na kuna mapatroni wanaoitumia kama vile mtu anavyotumia ngazi.

Hakuna anayesema kwamba wenye migahawa wote ni wabaya. Wako wanaolipa vizuri na kwa wakati, na watumikaji wao wanajulikana kwa kukaa miaka mingi pahali pamoja. Wenye migahawa nao wana mizigo: mafuta ya jenereta, kodi nyingi zenye majina mengi, barabara zilizofungwa zinazopandisha bei ya unga na nyama. Lakini mizigo ya biashara ni ya mwenye biashara. Mfanyabiashara hawezi kumuambia muuza mkaa kwamba atalipwa na wateja wakipenda. Kwa nini amuambie hivyo anayebeba sahani?

Marekani waliiandika ndani ya sheria

Mtu anaweza kufikiri kwamba jambo hili ni la nchi maskini na za vita. Sivyo. Nchi ambayo imeliingiza ndani ya sheria yake waziwazi ni Marekani, na Wakongomani wanahusika huko moja kwa moja. Kwa miaka mingi, mpaka 2024, Kongo ilikuwa kati ya nchi za mbele ambazo wakimbizi wake walipokewa Marekani. Familia zilizotoka kambi za Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda zinaishi leo Texas, Kentucky, Ohio na kwingineko, na jikoni ao ukumbi wa mgahawa ni mlango ambao mgeni asiyejua Kiingereza vizuri anaweza kuingia upesi.

Historia ya matabishi kule haipendezi. Vita vya Marekani vilivyomaliza utumwa viliisha 1865. Watu weusi walioachiliwa wakaingia katika kazi za kuhudumia, ndani ya hoteli, migahawa na treni. Kampuni ya Pullman, yenye mabehewa ya kulala, iliajiri maelfu ya wanaume weusi na kuwalipa kidogo sana, ikijua kwamba wasafiri watawaachia kitu. Watumikaji hao waliunda sendika yao mwaka 1925, wakiongozwa na A. Philip Randolph. Iliwachukua miaka 12, mpaka 1937, kupata mapatano na kampuni. Kati ya yale waliyodai tangu mwanzo lilikuwamo hili: walipwe mshahara wa kweli, wasiishi kwa kunyoosha mkono.

Mwaka 1938 Marekani ilipata sheria ya mshahara wa chini, lakini wengi wa watumikaji wa migahawa waliachwa nje. Waliingizwa mwaka 1966, kwa mlango wa nyuma: sheria ilimruhusu patroni kuhesabu matabishi ya mteja kama sehemu ya mshahara. Leo mshahara wa chini wa nchi nzima ni dola 7.25 kwa saa, na haujapanda tangu 2009. Lakini kwa mtumikaji wa matabishi, patroni anaweza kutoa dola 2.13 tu kwa saa, kiasi ambacho hakijabadilika tangu 1991. Dola 5.12 zilizobaki zinategemea mteja.

Sheria hiyo inaweka masharti. Mtumikaji aambiwe mapema kwamba atalipwa hivyo. Matabishi yakiwa machache, yasipofikisha dola 7.25 kwa saa, patroni ajaze pengo. Na tangu 2018 sheria inasema wazi kwamba patroni, meneja na msimamizi hawana ruhusa ya kuchukua matabishi ya watumikaji wao. Kwenye karatasi, mambo yanaonekana sawa.

Chukua hesabu. Mhudumu ametumika saa 40 katika juma. Patroni anatoa 2.13 mara 40, yaani dola 85 na senti 20. Mshahara wa chini wa saa hizo ni dola 290. Kama matabishi ya juma lile ni dola 150, jumla inakuwa dola 235 na senti 20, na patroni anapashwa kuongeza karibu dola 55. Nani anapiga hesabu hiyo kila juma? Patroni mwenyewe, ambaye ndiye atatoa pesa. Nani anajua kama imepigwa vibaya? Mhudumu, ambaye ana haja ya kupewa zamu nzuri za jioni ya Ijumaa na Jumamosi na patroni huyo huyo. Hapo ndipo ugomvi unazaliwa, na ndiyo sababu mahakama za Marekani zimejaa mashitaka ya watumikaji wa migahawa.

Wanaume 36 wa baiskeli

Shitaka moja linafaa kujulikana mashariki ya Kongo, sababu walioshinda walikuwa watu wa hali inayofanana na ya wahamaji wa hapa. Mjini New York palikuwa na mgahawa ulioitwa Saigon Grill. Watumikaji wake waliopeleka chakula nyumbani kwa wateja kwa baiskeli walikuwa wahamiaji kutoka China, wengi wakiwa hawajui Kiingereza. Walitumika saa nyingi kwa siku, mvua na theluji, na malipo yao yalikuwa chini ya dola 2 kwa saa. Yaliyobaki yalikuwa matabishi. Juu ya hayo walitozwa faini, hata kwa kosa la kuacha mlango ujipige kwa nguvu. Walipoanza kudai haki yao, mwaka 2007, walifukuzwa kazi.

Hawakutawanyika. Walisimama mbele ya mgahawa na vibao vyao, wakaenda kwa wanasheria, wakafungua mashitaka pamoja. Mwezi wa Oktoba 2008, hakimu aliamuru walipwe dola milioni 4.6. Walikuwa watu 36.

Nini kiliwasaidia? Kwanza, walikuwa pamoja. Mmoja mmoja angefukuzwa na kusahauliwa. Pili, waliweza kueleza siku zao: walianza saa ngapi, walimaliza saa ngapi, walipewa nini. Sheria ya Marekani ina kanuni nzuri juu ya jambo hilo, iliyowekwa na mahakama kuu ya nchi mwaka 1946. Kazi ya kuandika saa za watumikaji ni ya patroni. Kama hakuandika, asije kusema mahakamani kwamba mtumikaji hana ushahidi. Mtumikaji akieleza kwa njia inayoaminika saa alizotumika, ni juu ya patroni sasa kuonyesha kwamba si kweli. Uvivu wa patroni wa kuandika hauwezi kuwa faida yake.

Mashitaka mengine yalihusu kikopo chenyewe. Mwaka 2012, migahawa ya mpishi mashuhuri Mario Batali na mshirika wake, mjini New York, ilikubali kulipa dola milioni 5.25 kumaliza shitaka. Watumikaji walilalamika kwamba sehemu ya pesa, iliyohesabiwa kufuatana na divai iliyouzwa, ilikatwa ndani ya matabishi yao kila usiku. Ilikuwa migahawa ya matajiri, yenye sahani za bei kubwa, na bado ugomvi ulikuwa ule ule wa kikopo cha plastiki cha Beni: nani ana haki ya kuingiza mkono?

Si kila anayeshitaki anashinda. Watumikaji wa Starbucks, kampuni ya kahawa, walishitaki katika majimbo mawili wakisema wasimamizi wa zamu hawapashwi kugawana kikopo pamoja nao. Katika jimbo la California walipata mwaka 2008 hukumu ya zaidi ya dola milioni 100. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa iliifuta, ikisema wasimamizi hao walihudumia wateja kama wenzao. Katika jimbo la Massachusetts, mahakama ya rufaa ilisema kinyume mwaka 2012: sheria ya jimbo lile inakataza yeyote mwenye madaraka ya usimamizi kushika matabishi, basi watumikaji wakashinda. Kikopo kilifanana, kazi ilifanana, sheria zilitofautiana. Somo lake ni kwamba sheria isiyoeleza wazi matabishi ni ya nani inaacha maskini kwenye bahati ya hakimu.

Wanaopinga wana neno

Kuna watu wanaosema kwamba mhudumu mwenyewe anapenda matabishi kuliko mshahara, na wana mfano. Mwaka 2016, wapiga kura wa jimbo la Maine, kule kaskazini mashariki ya Marekani ambako Wakongomani wengi wamefika kuomba hifadhi, walikubali mshahara wa watumikaji wa matabishi upandishwe polepole mpaka ulingane na wa wengine. Mwaka uliofuata, wabunge wa jimbo walirudisha mpango wa zamani. Kati ya waliowaomba kufanya hivyo walikuwamo wahudumu wenyewe, walioogopa kwamba mteja akisikia wanalipwa vizuri ataacha kutoa.

Hofu yao inaeleweka. Mhudumu wa mgahawa mkubwa, mwenye wateja wa pesa kila jioni, anaweza kupata mengi. Lakini mwenye kutumika katika mgahawa mdogo wa kando ya barabara, ao yule anayeosha sahani nyuma bila kuonekana na mteja yeyote, hana bahati hiyo. Sheria inatungwa kwa ajili ya huyo. Na majimbo 7 ya Marekani, California, Washington, Oregon, Nevada, Alaska, Montana na Minnesota, hayamruhusu patroni kuhesabu matabishi ndani ya mshahara wa chini. Migahawa ya kule haijafungwa kwa sababu hiyo, na wateja wanaendelea kuacha kitu mezani. Uingereza nayo, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, ina sheria inayomlazimisha patroni kuwapa watumikaji matabishi yote bila kukata.

Sheria ya Kongo inasema nini

Kongo haikosi sheria. Kuna Kodi ya Kazi, sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Inawahusu pia watumikaji wa migahawa na nganda, wawe wenyeji ao wahamaji. Mtu akitumika chini ya amri ya mwingine kwa malipo, huo ni mkataba wa kazi. Kukosa karatasi hakumnyimi mtumikaji haki: sheria inamruhusu kuonyesha kwa njia nyingine kwamba alikuwa kazini, kwa mashahidi, kwa ujumbe wa simu, kwa chochote kinachoaminika.

Kuna pia mshahara wa chini. Tangu Mei 2018 ulikuwa franka 7,075 kwa siku. Mwaka 2025 serikali iliupandisha mpaka franka 14,500, na kuweka franka 21,500 kuanzia Januari 2026. Kwa siku 26 za kazi, 14,500 inafanya franka 377,000 kwa mwezi, na 21,500 inafanya franka 559,000. Mhudumu anayeambiwa «jilipe kwa matabishi» aangalie hesabu hizo na kujiuliza ni noti ngapi za mteja zinahitajika kuzifikia, na kama kikopo kimewahi kumpa nusu yake.

Njia ya kudai pia imeandikwa. Mwenye ugomvi na patroni hakimbilii tribinali moja kwa moja. Anaanza kwa inspekta wa kazi, ambaye anawaita wote wawili na kujaribu kuwapatanisha. Wakipatana, inaandikwa. Wasipopatana, inaandikwa vilevile, na karatasi hiyo ndiyo inayomfungulia mtumikaji mlango wa tribinali. Asichelewe, maana sheria inaweka muda wa kudai, na kwa mishahara muda huo ni mfupi.

Udhaifu uko kwenye matendo. Inspekta wa kazi ni wachache na migahawa ni mingi. Mhudumu anayepata franka elfu chache kwa siku anaogopa gharama za kwenda na kurudi. Na pahali ambapo vita vimesimamisha mahakama za serikali, kama Goma, hata mwenye haki iliyo wazi anagonga mlango usiofunguliwa. Lakini hali hiyo isiwe sababu ya kunyamaza. Sheria iliyolala bado ni sheria, na siku itakapoamka itauliza: una nini mkononi?

Kila mmoja na kazi yake

Mtumikaji anaweza kuanza leo, na kitu cha kwanza ni daftari. Daftari la shule la kurasa chache linatosha. Aandike kila siku: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, alichopewa na patroni, matabishi aliyopata, kilichokatwa na sababu aliyoambiwa. Asiyejua kuandika aombe mtoto wa nyumbani amuandikie jioni. Ujumbe wa patroni ndani ya simu usifutwe. Daftari la miezi sita lina nguvu kuliko malalamiko ya miaka sita.

Kitu cha pili ni kutokwenda peke yake. Wahudumu wanne wanaomuuliza patroni swali moja kwa heshima, siku moja, ni vigumu kuwafukuza wote kabla ya wateja wa mchana kufika. Sendika ziko mijini. Zinapashwa kushuka mpaka kwenye migahawa na nganda, zisibaki tu kwa waalimu na watumishi wa serikali.

Wenye migahawa nao wanaweza kumaliza ugomvi kabla haujazaliwa. Waandike mshahara, hata kwenye karatasi moja yenye sahihi mbili. Kikopo kikiwepo, kifunguliwe mbele ya watumikaji wote, wao wenyewe wahesabu na kugawana, na aliye jikoni asisahauliwe. Glasi iliyovunjika ni gharama ya biashara, kama vile balbu iliyoungua.

Mteja ana sehemu yake pia. Akitaka kumshukuru mhudumu, ampe mkononi, na asione haya kuuliza: «Hii inabaki kwako?» Swali hilo dogo, likiulizwa na wateja kumi kwa jioni, patroni atalisikia.

Wenye nguvu kubwa kuliko wote ni wateja wakubwa: mashirika yanayofanya semina za siku tatu ndani ya hoteli, na kulipa chakula cha watu hamsini kwa fakture moja. Mashirika hayo yanafundisha haki za wahamaji ndani ya ukumbi, wakati msichana mhamaji anayepanga soda mezani halipwi. Kabla ya kusaini, wamuulize mwenye hoteli kama wahudumu wake wana kontra na mshahara, na waliandike kama sharti. Haiwaombi pesa zaidi. Inawaomba waangalie anayewawekea sahani mbele.

Serikali za majimbo, mwisho, ziwape inspekta wa kazi njia ya kufika kwenye migahawa bila kungoja aliyefukuzwa aje kulia ofisini. Na Bunge la Kinshasa lina kazi rahisi: kuandika waziwazi, kwa mstari mmoja, kwamba matabishi ni mali ya mtumikaji na hayahesabiwi ndani ya mshahara wa chini. Ufaransa ilitunga sheria ya kulinda matabishi ya watumikaji tangu 1933. Kongo, iliyochukua mengi kutoka Ulaya, ingeweza kuchukua na hilo.

Mama mwenye watoto watatu chini ya hema hawezi kumuambia muuza unga kwamba atamlipa kufuatana na roho nzuri ya wateja wa kesho. Anapashwa kujua leo mwezi huu utamuingizia nini. Mteja aendelee kutoa shukrani yake. Ni desturi nzuri na inapendeza. Lakini patroni alipe deni lake.